Mama Jusi

Kila hadithi ina mahali ilipokatwa kitovu.
Hii ilikatwa Usoke, benchi la tatu kutoka mlangoni,
mkesha wa Noeli, mvua ikilitwanga bati
hata Katekista Mihayo akasoma kwa kupiga kelele,
na neno "mamajusi" likanifikia limelowa,
limepasuka katikati:
Mama Jusi.

Nilikuwa na miaka saba.
Kwetu mama huitwa kwa mwanawe:
Mama Shigela, Mama Nzobe, Mama Kulwa wa stesheni.
Basi na huyu ni mama yake Jusi,
katoka mashariki (Manyoni, nikadhani, au Itigi)
kwa ile treni inayochelewa siku mbili,
anakwenda kumwona mzazi.

Dhahabu sikuijua. Nikambebesha ninavyovijua:
asali nyeusi ya mzinga wa gome,
sabuni ya mche, kanga doti moja,
uyoga mkavu wa msituni,
maana mzazi haendewi mikono mitupu.
Nyota nikamwachia. Giza la masika halina adabu.

Nyumbani nikasimulia, wakichambua mchele wa pilau ya kesho.
Baba alicheka hadi chai ikampalia.
Shangazi Nyanzala akasema, kichwa cha mtoto huyu kina nyuki.

Mama hakucheka.
Mwezi wa tisa alirudi kutoka hospitali ya Kitete
na shuka la mistari ya buluu, limekunjwa mara nne,
na jina ambalo hatukuruhusiwa kulitamka.
Aliokota punje moja, akaikagua mno.
"Na Jusi mwenyewe," akauliza, "kaachwa kwa nani?"

Huko nilikuwa sijafika.
Nikatoa la kwanza lililonijia mdomoni:
Jusi hayupo tena.
Ndiyo maana mama yake anakwenda
kupakata mtoto wa mwenziwe.

Mkaa ukatatarika.
"Aha," akasema Mama.
Halafu, baada ya ungo mzima:
"Mwongezee blanketi. Pumzi ya ng'ombe ina joto,
lakini haitoshi."

*

Padre Anselmi, aliyezaliwa kwenye barafu,
alisimika msonobari kanisani, akaubandika pamba ya zahanati.
Theluji, akatuambia.
Tukamuuliza kama Bethlehemu ilianguka theluji.
Alikuna ndevu kwa muda mrefu.
Mti, akakiri, ni wa bibi zake.
Tarehe ilipangwa na wazee, miaka mingi baadaye.
Mamajusi wenyewe hakuna aliyeandika walikuwa wangapi.
Na ng'ombe? Na punda?
Hawamo, akasema. Wapekue muwezavyo, hawamo.
Kuna mtu aliliona zizi, akahisi baridi,
akawaingiza.

*

Mwaka jana nimeshuka Usoke na mvi zangu.
Pango liko palepale, chini ya altare,
majani ya mgomba, taa za Kichina zinazokonyeza.
Wafalme watatu wa plasta, mmoja hana pua.
Nyuma yao, mfupi, wa udongo wa kichuguu,
mwanamke na kibuyu chake.

"Huyo Mama Jusi," kaniambia binti mwenye pengo.
"Usipomwekea asali usiku wa mkesha
mtoto wako atakohoa mpaka Kwaresima."

Hilo la kukohoa sikulisema mimi.
Nikamuuliza nani kamfundisha.
Akanitazama kama mtu aliyeuliza mvua ni ya nani.
"Ya zamani hiyo. Ya tangu mitume."

Ulimi uliniwasha. Nikaumeza ukweli wangu
kama mtu amezavyo kokwa akiwa ugenini.

Nikainama niweke asali, kijiko kimoja,
cha plastiki, nilichoazima kwa muuza chai.
Ndipo nikaona alichojitanda begani:
kitambaa kilichokatwa kwa mkasi butu,
kimefuliwa hadi kuwa laini kama ngozi ya kope,
mistari yake ya buluu imebaki kwa shida.

Mistari hiyo
sikuisimulia mimi.